Mvua na Mpangaji: Lugha ya Habari za Tenisi

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tunaifundisha mapema sana shuleni, na aghalabu tunaridhika mwanafunzi akijua kwamba kila jambo hutanguliwa na ishara yake. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao hatuutaji sana: aliyeyaona mawingu hawezi kudai baadaye kwamba mvua ilimjia ghafla. Upande huo ndio ninaotaka kuuzungumzia katika makala hii. Nitauzungumzia kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya walimu wenzangu, yaani kwa kuichunguza lugha tunayoitumia kueleza habari za mvua na ratiba katika mashindano makubwa ya tenisi.

Jambo lenyewe lilianza darasani. Nafundisha Kiswahili katika shule moja mjini Kigali, kwenye mteremko unaotazama Nyabugogo, mahali palipo kituo kikuu cha mabasi cha mji huu. Mwaka 2024 Kigali ilipokea mashindano ya kimataifa ya tenisi ya daraja la Challenger. Yalichezwa majuma mawili mfululizo, kuanzia tarehe 26 Februari hadi 10 Machi, katika viwanja vya udongo mwekundu huko Kicukiro. Juma la kwanza alishinda Kamil Majchrzak wa Poland, na la pili Marco Trungelliti wa Argentina. Wanafunzi wangu, ambao hapo awali walijua mpira wa miguu na baiskeli tu, wakaanza kuuliza habari za tenisi. Nami, kama ilivyo ada ya mwalimu, nikaona kwamba hapo pana zoezi.

Niliwaambia kila mmoja aandike aya moja, asimulie mechi ya tenisi iliyoingiliwa na mvua. Nilipoyakusanya madaftari na kuanza kusahihisha, nilikuta kwamba karibu yote yalikuwa na sentensi moja, kana kwamba wote walikaa dawati moja: "Mechi iliahirishwa na mvua." Nilirudi darasani nikauliza, "Ni nani aliyeiahirisha mechi hii?" Wakacheka. Mmoja akajibu bila kusita, "Ni mvua, mwalimu. Imeandikwa hapo."

Hakuwa amekosea sarufi. Sentensi yake ilikuwa na kauli ya kutendwa, na baada ya kitenzi kulikuwa na kiunganishi "na" kinachomtaja mtenda. Kwa hiyo, kwa kanuni zote tulizomfundisha, mvua ndiyo iliyoahirisha. Wala si yeye aliyeibuni. Sentensi za namna hii tunazisikia redioni na kuzisoma magazetini kila siku: mvua iliahirisha, mvua ilipangua ratiba, mvua iliwanyima watazamaji burudani. Tumezizoea hata hatuoni tena kwamba zinasema jambo la ajabu. Mvua hainyanyui mkono kusimamisha mchezo, haiketi mezani kupanga siku nyingine, wala haijui kwamba kuna mchezo. Mvua hunyesha tu. Wanaoamua ni watu.

Nakubali kwamba lugha ina haki ya kusema kwa tamathali. Tunasema jua limetuchoma na njaa imetuuma, na hakuna anayedanganyika. Shida huanza pale tamathali inaposhika nafasi ya maelezo, mtu akatosheka nayo na kuacha kuuliza. Hilo ndilo lawama langu juu ya lugha ya habari hizi, na sababu zangu ni tatu: inachanganya matendo yaliyo tofauti, inamficha mtenda, na inavuruga saa.

Tuanze na matendo. Mpira wa miguu huchezwa hata katika mvua, mradi maji hayajatuama uwanjani. Tenisi haina uvumilivu huo. Katika uwanja wa nyasi, manyunyu machache tu yatosha kufanya miguu iteleze, na papo hapo wafanyakazi huvuta turubai kuufunika uwanja. Uwanja wa udongo hustahimili rasharasha kwa muda, lakini mpira hushika unyevu na udongo ukawa mzito, na mvua ikizidi mchezo hauna budi kukoma. Zaidi ya hayo, mechi ya tenisi haina dakika tisini. Inaweza kwisha kwa saa moja, inaweza kuchukua saa tano. Ndiyo maana mpangaji wa tenisi hawezi kuipa kila mechi saa yake kamili. Huzipanga mechi kwa zamu uwanja kwa uwanja: hii itafuata ile, na hii haitaanza kabla ya saa fulani. Mechi moja ikirefuka au ikikwama, zote zilizo nyuma yake husukumwa.

Katika hali kama hiyo yanaweza kutokea mambo manne au matano yasiyofanana, na Kiswahili kinayo maneno ya kuyatenganisha. Mechi ambayo haijaanza kwa wakati wake imecheleweshwa. Iliyokwisha kuanza ikakomeshwa kwa muda imesimamishwa. Iliyopelekwa siku nyingine imeahirishwa. Iliyoondolewa kabisa katika ratiba imefutwa. Ile iliyoshindikana kumalizika kwa fujo au kwa sababu nyingine, wapenzi wa mpira huiita mechi iliyovunjika. Tena waandishi wa michezo wa Tanzania wametupa neno zuri sana, kiporo, kwa mechi ambayo timu inadaiwa kwa kuwa haikuchezwa kwa tarehe yake. Hapa nawasifu kwa moyo mkunjufu. Wamekwenda jikoni, wakachukua jina la chakula kilicholala, wakalipa kazi mpya. Na katika tenisi neno hili lingefaa zaidi kuliko katika mpira, kwa maana mechi ya tenisi iliyokatizwa ni kiporo hasa: imeliwa nusu, na nusu iliyobaki inangoja asubuhi.

Kwa nini tofauti hizi ziwe na maana? Mfano wa mwaka 2001 watosha kuonyesha. Katika nusu fainali ya Wimbledon, Ijumaa ya tarehe 6 Julai, Tim Henman wa Uingereza alikuwa anacheza na Goran Ivanišević wa Kroatia. Henman alikuwa ameshinda seti mbili dhidi ya moja. Ile ya tatu alikuwa ameichukua kwa 6-0, na katika ya nne alikuwa mbele kwa 2-1. Hapo mvua ikanyesha. Mechi ikasimamishwa, ikaendelezwa kidogo siku ya pili, ikasimamishwa tena, na ikamalizika Jumapili, siku ya tatu. Ivanišević akashinda kwa seti tano. Kwa hiyo fainali nayo ikasogezwa hadi Jumatatu tarehe 9 Julai, na hapo akamshinda Patrick Rafter wa Australia, pia kwa seti tano.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, mwanafunzi akiandika kwamba mechi ile "iliahirishwa", au vibaya zaidi kwamba "ilirudiwa". Akisema ilirudiwa, amemnyang'anya Henman seti mbili alizozitolea jasho, kwa sababu mechi inayorudiwa huanza upya. Katika tenisi hesabu haifutiki: wachezaji hurudi pale pale walipoachia, kwa pointi zile zile. Lakini hawarudi wakiwa watu wale wale. Aliyekuwa amepamba moto amepoa, na aliyekuwa amelemewa amepata usiku wa kupumzika. Utamu na uchungu wote wa mechi ile umo katika neno "kusimamishwa". Mwandishi aliyeweka "kuahirishwa" mahali pake amekipoteza kisa chenyewe.

Sababu ya pili ya lawama yangu ni nzito zaidi, nayo ni kufichwa kwa mtenda. Kiswahili kimejaliwa kauli nyingi za kitenzi, na kila kauli hupanga upya jukumu la watu katika sentensi. Tukisema "waandaaji waliichelewesha mechi", tunamwona aliyefanya. Tukisema "mechi ilicheleweshwa", tunajua kwamba yuko aliyefanya ingawa hatajwi. Tukisema "mechi ilichelewa", mechi yenyewe imekuwa kama mwanafunzi mzembe aliyeamka saa mbili. Na tukisema "ratiba iliharibika", hakuna mtu kabisa, jambo limejitendekea lenyewe. Mwandishi huchagua kauli, na kwa kuchagua kauli amechagua pia ni nani atakayeulizwa.

Utetezi wa kawaida ni kwamba hakuna wa kuulizwa, kwa kuwa mvua ni kazi ya Mungu. Utetezi huu una ukweli ndani yake, na sitaki kuupuuza. Mwaka 2001 uwanja mkuu wa Wimbledon haukuwa na paa, na mwamuzi alipousimamisha mchezo hakuwa na njia nyingine. Hata hivyo, mvua haikuikuta jangwani. Iliikuta ratiba iliyopangwa na watu. Wimbledon walikuwa na desturi ya kutocheza Jumapili ya katikati ya mashindano. Katika miaka ya 1991, 1997, 2004 na 2016 viporo vilirundikana mno hata wakalazimika kuivunja desturi hiyo, na tangu 2022 Jumapili hiyo imekuwa siku ya mchezo kama nyingine. Basi siku iliyokosekana ilikuwapo muda wote. Vivyo hivyo New York, ambako nusu fainali za wanaume zilikuwa zikichezwa Jumamosi na fainali Jumapili, bila hata siku moja ya akiba katikati. Matokeo yake ni kwamba miaka mitano mfululizo, kuanzia 2008 hadi 2012, fainali ya wanaume ilichezwa Jumatatu. Mara ya kwanza mtu aweza kulaumu mawingu. Mara ya tano, mawingu yamekwisha kuwa mashahidi wa mtu mwingine.

Wimbledon waliuezeka uwanja wao mkuu kwa paa la kufungua na kufunga mwaka 2009. New York walifanya hivyo mwaka 2016, na Paris mwaka 2020. Tangu hapo, mtu anayeandika kwamba mvua imeipangua mechi ya uwanja mkuu ana deni la maelezo zaidi. Kabla sijautoa mfano wa Paris, hata hivyo, naomba ruhusa ya kushuka kidogo hadi Nyabugogo, kwa sababu ni pale, wala si kwenye uwanja wa tenisi, nilipofundishwa namna ya kuusoma mfano huo.

Nyabugogo iko bondeni. Maji ya vilima vya Kigali hushukia huko, mengine kupitia korongo la Mpazi, na mvua kubwa ikinyesha barabara hujaa tope na maji. Kituo cha mabasi hapo ni mlango wa nchi: mabasi huondoka kwenda mikoani, na mengine kwenda Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Asubuhi moja ya mwezi Aprili, katikati ya majira ambayo Wanyarwanda huyaita itumba nasi tukayaita masika, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kampuni moja ya mabasi nikingoja safari ya Rusumo. Kando yangu alikuwa mama mmoja wa makamo ya mama yangu, mwenyeji wa Ngara, aliyekuwa anarudi nyumbani kumzika kaka yake. Maziko yalikuwa alasiri ile ile. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu, na basi halionekani.

Mama alikwenda dirishani kuuliza. Kijana wa tiketi akamjibu kwa upole wote, "Pole sana, mama. Mvua imelichelewesha basi."

Mama akamtazama, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mvua hii imeanza saa nne. Basi langu lilikuwa la saa tatu."

Yule kijana hakuwa na jibu. Baadaye dereva mmoja alitueleza kwamba basi letu lilikuwa limepewa safari nyingine alfajiri, na halikurudi kwa wakati. Uamuzi ulifanywa kabla tone la kwanza halijaanguka. Tuliondoka saa saba kasorobo. Tulipofika Rusumo mama akavuka mpaka haraka haraka, na kule ng'ambo saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Sikuthubutu kumwuliza kama alitumaini kuwahi. Aliniaga kwa heshima, akanishukuru kwa kumbebea mzigo, akaenda zake.

Nimefundisha kauli za vitenzi kwa miaka mingi, lakini sijasikia uhakiki wa sentensi ulio bora kuliko ule wa mama wa Ngara. Hakusema kwamba mvua hainyeshi. Alisema tu kwamba mvua na uamuzi havikutokea kwa saa moja, na kwamba kilichotangulia hakiwezi kuwa tokeo la kilichofuata. Kijana naye hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na sentensi iliyo tayari mdomoni, sentensi tuliyomfundisha sisi, inayokubalika kila mahali na isiyomgharimu mtu chochote isipokuwa msafiri.

Sasa twende Paris kwa kipimo cha mama. Mwaka 2024, katika mashindano ya Roland Garros, mvua ilinyesha siku nyingi za juma la kwanza na viporo vikawa vingi. Jumamosi tarehe 1 Juni, Novak Djokovic na Lorenzo Musetti walipangiwa kucheza usiku katika uwanja mkuu, uwanja wenye paa. Waandaaji wakaamua kuiingiza kwanza katika uwanja huo mechi ya Grigor Dimitrov na Zizou Bergs, ambayo mvua ilikuwa imeikwamisha. Nayo ikarefuka. Djokovic na Musetti wakaingia uwanjani saa nne na nusu usiku ikiwa imekwisha kupita. Wakacheza seti tano, na Djokovic akapata ushindi baada ya saa tisa usiku. Hakuna mechi ya mashindano hayo iliyowahi kumalizika usiku mkubwa kiasi hicho. Jumatatu akacheza seti tano nyingine na Francisco Cerúndolo, akaumia goti la kulia lakini akashinda. Jumanne akajitoa mashindanoni.

Habari nyingi za Kiswahili zilieleza usiku ule kwa maneno mawili: "kutokana na mvua". Nauliza kama alivyouliza mama: mvua ilifanya nini, na mtu alifanya nini? Mvua ilirundika viporo. Hilo ni kweli, na si kosa la mtu. Lakini juu ya uwanja ule palikuwa na paa, na mvua haikuingia. Kilichoingia ni mechi ya ziada, nayo iliingizwa. Inawezekana kabisa kwamba uamuzi ulikuwa wa busara, kwa kuwa Dimitrov na Bergs nao walikuwa na haki ya kumaliza mchezo wao, na kesho yake ingeweza kuleta mvua nyingine. Sisemi pia kwamba goti la Djokovic liliumia kwa ajili ya kukesha. Hilo ni la matabibu. Ninalosema ni kwamba uamuzi wa busara na uamuzi wa makosa vyote ni uamuzi, na msomaji hawezi kuupima asioambiwa kwamba ulikuwapo. "Kutokana na mvua" kunamnyima msomaji nafasi ya kulaumu, na kunamnyima mpangaji nafasi ya kusifiwa.

Sababu ya tatu ni saa, na hapa nitasema kwa ufupi. Mechi hiyo ya Paris ilianza Jumamosi ikaisha Jumapili. Kiswahili kinalo neno linalofaa hali hii kuliko lugha nyingi nizijuazo: ilichezwa usiku wa kuamkia Jumapili. Maneno hayo yanauambia usiku ulitoka wapi na unakwenda wapi. Badala yake tunasoma "Jumamosi usiku", na mzee wa pwani aliyezoea kuanza siku wakati wa magharibi atadhani ni usiku uliotangulia. Mbaya zaidi ni tafsiri ya haraka ya tarakimu za kigeni. Mechi inayoanza alasiri, kwa saa ambayo Waingereza huiita ya pili, imetangazwa kuanza "saa mbili mchana", saa ambayo haipo katika siku ya Mswahili. Saa zetu huhesabiwa tangu macheo, na Kinyarwanda nacho kimelichukua neno saa na hesabu yake kutoka kwetu, hivi kwamba saa mbili ya Nyamirambo na saa mbili ya Tanga ni asubuhi moja. Mtangazaji hana budi pia kusema saa hizo ni za wapi. Mwezi Juni, Paris na Kigali huwa na saa moja, lakini Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele. Saa tisa ya usiku ule kwetu ilikuwa saa kumi kwao, wakati baadhi ya watu walikuwa wanaanza kuamka.

Huenda mwalimu mwenzangu akasema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba tenisi ni mchezo wa wachache. Ningejibu kwamba mchezo ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu hasara yake ni ndogo. Anayezoea kusema "mechi iliahirishwa na mvua" kesho atasema "mtihani ulicheleweshwa na mvua", na kesho kutwa "nyumba zilibomolewa na mvua", hata pale ambapo palikuwa na mtu aliyetoa kibali cha kujenga bondeni. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda. Lugha rasmi ndiyo inayoandika matangazo, taarifa na sababu za kuchelewa, na wanafunzi wetu ndio watakaokaa nyuma ya madirisha ya tiketi. Tukiwafundisha lugha isiyo na mtenda, tutakuwa tumewapa wakubwa wao maficho.

Sidai kwamba kauli ya kutendwa ifukuzwe. Ina kazi yake, hasa pale mtenda asipojulikana au asipokuwa na uzito. Nadai tu kwamba itumike kwa kujua. Kwa ajili hiyo napendekeza maswali matatu ambayo mwanafunzi ajiulize kabla ya kuandika habari yoyote ya mvua na ratiba. Kwanza, mvua yenyewe ilifanya nini? Aseme kama ilikuwa manyunyu au mvua kubwa, ilianza saa ngapi na ikaanuka saa ngapi. Pili, nani aliamua, na aliamua nini: kuchelewesha, kusimamisha, kuahirisha au kufuta? Tatu, ratiba ilikuwaje kabla ya mvua, na je, ilikuwa na nafasi ya akiba?

Swali hili la tatu latuhusu hata hapa Kigali. Mashindano ya Kicukiro yalipangwa mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, yaani pale kiangazi kifupi, ambacho Wanyarwanda hukiita urugaryi, kinapokabidhiana na masika. Kalenda ya tenisi ya dunia ina sababu zake, na siwalaumu walioipanga. Lakini mwandishi anayeripoti mashindano ya Machi na kuiita mvua "isiyotarajiwa" hajapata kumwuliza mkulima yeyote wa Rwanda.

Niliwarudishia wanafunzi wangu madaftari, nikawaambia waandike upya. Safari hii sentensi zilikuwa ndefu zaidi na zenye makosa zaidi ya sarufi, jambo ambalo halikunihuzunisha. Yule aliyenijibu kwamba ni mvua aliandika hivi: "Mvua ilianza saa tisa alasiri, mwamuzi mkuu aliisimamisha mechi, na waandaaji wakaamua imaliziwe kesho saa nne asubuhi, kabla ya nusu fainali." Nilimpa alama zote. Niliongeza pembeni kwamba angeweza kutuambia kama waandaaji walikuwa na haki ya kuamua hivyo, na mjadala ulioanza hapo ulituchukua kipindi kizima.

Nawaomba walimu wenzangu walijaribu zoezi hili katika madarasa yao, kwa mechi yoyote na kwa mvua yoyote, na watuletee katika kurasa hizi sentensi walizozikuta, zile mbovu na zile nzuri. Masika hayako mbali, na mifano haitakosekana.